Kutoka Kliniki Hadi Kazini: Njia ya Anayepoteza Uoni Ukubwani

Mtu anayepoteza uoni akiwa na umri wa miaka arobaini bado anajua leo kila alichokijua jana. Mwalimu wa hisabati hajasahau kanuni zake. Karani wa mahakama bado anajua taratibu za kufungua shauri. Mama mwenye duka bado anajua mteja yupi hulipa mwisho wa mwezi na yupi si wa kukopeshwa. Hata hivyo, katika miezi michache inayofuata wengi wao hutoka kazini, na wengi hawarudi tena. Uchambuzi huu unauliza swali moja: kazi zao hupotelea wapi hasa?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba kazi imeondoka pamoja na macho. Lakini ukiifuata safari ya watu hawa hatua kwa hatua, utaona kwamba kazi hupotelea katika kipindi cha kati, kuanzia siku daktari anaposema hakuna tiba tena hadi siku ambayo mtu huyo angeweza kurudi mezani kwake akiwa na ujuzi mpya. Hapa Afrika Mashariki kipindi hicho hakina mwenyewe. Hospitali imemaliza sehemu yake, mwajiri anasubiri, familia inalia, na mhusika amekaa nyumbani. Naamini tukikipatia kipindi hicho mwenyewe, kazi nyingi tunazozihesabu kuwa zimekufa zitabaki hai.

Mlango uliofunguliwa kwa watoto tu

Tuanze na historia, maana ndiyo inayoeleza pengo hili lilivyozaliwa. Huduma kwa wasioona katika nchi zetu zilianzia shuleni. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ya Buigiri mkoani Dodoma ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule hizi zimefanya kazi kubwa. Zimetoa walimu, wanasheria, wachungaji na watumishi wa umma waliokua wakisoma kwa nukta nundu na kutembea kwa fimbo nyeupe tangu utotoni.

Lakini magonjwa mengi yanayoondoa uoni huja ukubwani. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula uoni polepole kutoka pembeni, mara nyingi bila maumivu, na kile kilichokwisha kupotea hakirudi. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho huzidi kadiri umri unavyosonga, ingawa huyu huondolewa kwa upasuaji. Zipo pia ajali za barabarani, kemikali na cheche za karakana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana matatizo ya kuona, na kwamba angalau bilioni moja kati yao walikuwa na tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijatibiwa.

Kwa hiyo mtu mzima anayepoteza uoni anakuta mfumo uliojengwa kwa ajili ya mtoto wa miaka saba. Hawezi kurudi darasa la kwanza. Ana mkopo benki, ana watoto wanaosoma, na ana ajira ambayo bado haijafungwa. Anachohitaji ni mafunzo ya miezi kadhaa yanayomfundisha kufanya kwa masikio na vidole yale aliyokuwa akiyafanya kwa macho. Vyuo vya ufundi kwa watu wenye ulemavu vipo: Tanzania ina Yombo cha Dar es Salaam na Masiwani cha Tanga, na Kenya ina taasisi ya ufundi ya wasioona ya Machakos. Hata hivyo ni vichache, na njia ya kuvifikia kutoka wodi ya macho haijaandikwa popote mgonjwa anapoweza kuisoma.

Baada ya "hakuna tiba tena"

Maneno hayo ya daktari ni ya kweli kwa upande wa jicho. Mgonjwa huyasikia kama hukumu ya maisha yote. Akitoka nje ya chumba hakuna mtu anayemwambia kwamba kuna somo linaloitwa kutembea kwa fimbo nyeupe, kwamba kompyuta inaweza kusoma kwa sauti, au kwamba uoni kidogo uliobaki una thamani kubwa akipata lenzi na mwanga unaofaa. Wengi waliosajiliwa kuwa na ulemavu wa macho hawako gizani kabisa. Wana uoni hafifu, na kliniki ya uoni hafifu inaweza kuwapa nafasi ya kuendelea kusoma maandishi makubwa kwa miaka mingi.

Kisa cha mwanariadha Henry Wanyoike wa Kenya kinajulikana zaidi kwa medali zake. Mwaka 1995, akiwa bado kijana, alipata kiharusi na karibu uoni wake wote ukapotea kwa usiku mmoja. Mwaka 2000 alishinda dhahabu ya mita 5,000 katika michezo ya Paralimpiki ya Sydney, na mwaka 2004 akaongeza dhahabu nyingine mjini Athens. Magazeti hupenda kuruka kutoka kiharusi hadi dhahabu. Kwa anayetafuta kazi, somo liko katikati: Wanyoike alifika kliniki ya uoni hafifu ya hospitali ya Kikuyu, akakutana na watu waliojua kwamba tiba ikiisha kuna kitu kinachofuata, akaenda Machakos akajifunza kufuma sweta, na polepole akarudi kuamini kwamba mikono na miguu yake bado ina kazi ya kufanya. Ujasiri wake hauna shaka. Lakini ujasiri huo ulipata mlango. Kuna watu wengine wengi wenye ujasiri kama wake waliobaki vyumbani kwa sababu hawakuonyeshwa mlango wowote.

Hatua ya kwanza katika kipindi hicho ni kutembea. Mtu asiyeweza kufika kituo cha daladala peke yake hawezi kufika kazini, hata kama ana shahada tatu. Mafunzo ya fimbo nyeupe humfundisha kusikiliza mwangwi wa ukuta, kutambua ukingo wa mtaro, kuhesabu makutano na kuomba msaada bila kukabidhi mwili wake kwa mpita njia. Mwanzoni hupotea, naye hana budi kupotea, maana wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Mwalimu mzuri wa fimbo humwachia mwanafunzi wake apotee mahali salama, kisha humwacha ajitafutie njia ya kurudi.

Kuipasua kazi vipande vyake

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha uchambuzi huu. Tunapouliza, "Je, asiyeona anaweza kuwa mhasibu?" tunakuwa tumeuliza swali lisilojibika. Uhasibu ni jina la fungu la shughuli, na shughuli hizo hazihitaji macho kwa kiwango kimoja.

Tumchukue mhasibu wa halmashauri kama mfano. Kwa siku moja hupokea hati za malipo, huzikagua, huingiza takwimu kwenye mfumo, hulinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha, huandika taarifa, huhudhuria vikao na kumshauri mkuu wake. Kushauri, kukagua hoja na kuongea kikaoni havihitaji macho hata kidogo. Kuandika taarifa na kulinganisha takwimu kunawezekana kwa kompyuta inayosoma kwa sauti. Kuingiza takwimu kunategemea kama mfumo wenyewe umeundwa ili usomeke. Hati za karatasi zilizochapwa zinaweza kupigwa picha na kugeuzwa kuwa maandishi yanayosomeka. Zilizoandikwa kwa mkono hubaki kuwa tatizo la kweli, na hapo mwenzake wa ofisi anaweza kuzisoma kwa nusu saa huku yeye akichukua sehemu ya majukumu ya mwenzake huyo. Mwisho wa hesabu hii, kazi iliyodhaniwa imekwisha yote imepungua kipande kimoja kidogo, na kipande hicho kina ufumbuzi.

Mwalimu naye anaweza kupasuliwa kazi yake hivyo hivyo. Kuandaa somo, kueleza, kuuliza maswali na kusimamia nidhamu kwa sauti hubaki mikononi mwake. Kuandika ubaoni anaweza kumpa mwanafunzi. Kusahihisha madaftari kunahitaji msomaji. Ndiyo maana nchini Kenya walimu wasioona walio chini ya Tume ya Huduma za Walimu wamewekewa posho ya kumlipa msaidizi. Nchini Tanzania, Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na mwalimu aliyepoteza uoni akiwa kazini ana hazina mbili ambazo shule za elimu maalumu huzihitaji: uzoefu wa darasa na uzoefu wa maisha anayoyaishi mwanafunzi wake.

Uchambuzi wa haki lazima useme pia pale kazi inapokwisha kweli. Dereva wa lori hataendesha tena, wala daktari wa upasuaji hatashika kisu. Lakini hata hapo tuulize dereva huyo anajua nini. Anajua barabara ya Tunduma kwa kila mzani, anajua gari linapoanza kulalamika, anajua nyaraka za mpakani na muda unaopotea pale. Kampuni yake ina mtu anayepanga safari, anayeongea na madereva kwa simu na kufuatilia mizigo. Kazi hiyo hufanywa kwa sikio, simu na kumbukumbu, na ni nani anayeifahamu kumzidi yeye?

Zana na mipaka yake

Uchambuzi wa namna hii usingekuwa na uzito miaka hamsini iliyopita. Wakati ule asiyeona aliyeajiriwa ofisini mara nyingi aliwekwa kwenye mtambo wa simu, akipokea na kuunganisha. Mitambo ya kujiendesha yenyewe ilipokuja, kazi hiyo ikapungua. Teknolojia hiyohiyo, hata hivyo, ilifungua milango mingine.

Zana kuu leo ni kisoma skrini, programu inayotamka yaliyomo kwenye kompyuta huku mtumiaji akiiongoza kwa kibodi bila kipanya. JAWS, ya kampuni ya Marekani, imetumika kwa miongo mingi, lakini leseni yake ya kudumu ya kitaalamu imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianzisha NVDA, ambayo hutolewa bure. Sauti inayokuja nayo husoma hata Kiswahili, kwa lafudhi ya kimashine ambayo sikio huizoea. Simu za Android zina TalkBack ndani yake na za iPhone zina VoiceOver, kwa hiyo mtu mwenye simu janja huenda tayari ana zana mfukoni bila kujua.

Zana hizi zina masharti. Kwanza, zinahitaji muda wa kujifunza. Mtu aliyezoea kutafuta herufi kwa macho lazima aijue kibodi kwa vidole, kisha ajue amri za kusoma mstari, aya na jedwali. Hiyo ni kazi ya miezi. Pili, zana husoma kile tu kilichoandikwa ili kisomeke. Waraka uliotolewa kama picha ya karatasi huwa kimya mbele ya kisoma skrini. Tangazo la kazi lililowekwa mtandaoni kama bango la rangi halimfikii asiyeona, na fomu ya maombi yenye vitufe visivyo na majina humzuia hata kabla ya usaili. Tatu, menyu za huduma za fedha kwa simu huweza kufungwa kabla sauti haijamaliza kusoma, na mtu akalazimika kumpa mwingine namba yake ya siri. Kila kikwazo cha aina hizi mbili za mwisho kiliwekwa na mtu, na mtu anaweza kukiondoa kwa gharama ndogo.

Barua isiyopaswa kuandikwa

Katika kipindi hiki cha kati hutokea kosa moja linaloumiza kuliko mengine yote: mfanyakazi huandika barua ya kuacha kazi. Huiandika kwa aibu, au kwa kushauriwa na mkuu anayeamini anamwonea huruma, au kwa sababu familia imesema apumzike. Barua hiyo humwondoa katika ulinzi ambao sheria tayari imempa.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu. Inatoa pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu za afya, achunguze kiwango cha tatizo na atafute njia mbadala, kama vile kurekebisha majukumu au kumhamishia kazi nyingine. Aliyeachishwa kinyume cha utaratibu ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeumia kwa sababu ya kazi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Siku hizo 126 ndizo ninazotaka msomaji azitazame kwa makini. Kwa kawaida hutumika nyumbani, kitandani, katika huzuni, na huzuni hiyo ni halali, maana kupoteza uoni ni msiba. Lakini ni siku zilezile ambazo mtu angeweza kujifunza fimbo, kibodi na kisoma skrini huku mshahara, au nusu yake, ukiendelea kuingia. Sheria imeshalipia sehemu ya mafunzo bila kujua. Kinachokosekana ni mtu wa kusema wiki ya kwanza: likizo yako itumie hivi.

Kwa anayetafuta ajira mpya, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inadai kwamba hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma zishikwe na watu wenye ulemavu. Mkenya aliyesajiliwa na kupata cheti husika husamehewa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, na mswada wake ulibebwa na Seneta Crystal Asige, mwanamuziki aliyepoteza uoni kwa glakoma ukubwani. Yeye mwenyewe ni ushahidi kwamba ujuzi wa kabla ya ulemavu na maarifa ya baada yake vinaweza kukutana katika kazi moja.

Asilimia hizi zina hatari moja. Mwajiri anaweza kujaza nafasi ili ahesabike ametii, kisha akampa asiyeona kiti bila shughuli. Anasalimiwa asubuhi, anapewa chai, na hakuna barua inayopita mezani kwake. Mshahara huo una faida yake, wala simbezi anayeupokea. Lakini mtu huyo hapandi cheo, hatathminiwi, na siku ofisi ikipunguza watu yeye ndiye wa kwanza. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, inazungumzia kazi ambayo mtu ameichagua au kuikubali kwa hiari yake, na inawataja wazi wale wanaopata ulemavu wakiwa tayari kazini. Kipimo cha ajira yenye maana ni rahisi: asipokuja kesho, je, kuna kitu kitakwama?

Wasio na mwajiri

Wengi wa watu wetu hawana ofisa utumishi wa kumwandikia. Wanalima, wanashona, wanauza. Kwao kuipasua kazi vipande kunafaa vilevile. Mwenye duka huweza kupanga bidhaa mahali pasipobadilika, kukunja noti za kila thamani kwa namna yake, na kuhimiza wateja walipe kwa simu ili ujumbe wa malipo usomwe kwa sauti. Mfugaji wa kuku huweka kamba ya kumwongoza hadi bandani na kuwajua wagonjwa kwa sauti na mshindo wao. Kinachowaangusha zaidi ni mtaji. Nchini Tanzania asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hiyo ni ya watu wenye ulemavu. Mtu aliyepoteza uoni mwaka jana mara nyingi hajui kwamba sasa fungu hilo linamhusu, kwa kuwa bado hajajiita mwenye ulemavu. Vyama kama Chama cha Wasioona Tanzania vina kazi muhimu hapa, kwa sababu mtu huyaamini haya anapoyasikia kwa mwenzake aliyeyapitia.

Familia nayo ina sehemu yake. Upendo unaosema "kaa tu, tutakufanyia" humnyima mtu mazoezi anayoyahitaji kila siku. Kupika, kufua, kuvuka barabara na kuhesabu fedha zake mwenyewe ndiyo maandalizi ya kwanza ya kurudi kazini.

Nani awe mwenyewe wa kipindi hiki

Nimesema kipindi cha kati hakina mwenyewe. Naamini anayeweza kukianza ni hospitali, kwa sababu kila anayepoteza uoni na kutafuta tiba hupita huko. Kliniki za macho za hospitali kama Muhimbili, CCBRT, KCMC na Kikuyu, na za mikoani na kaunti, zinaweza kumpa kila mgonjwa aliyefikia mwisho wa tiba karatasi ya pili ya rufaa, pamoja na maelezo ya kusikiliza kwenye simu: chuo kilicho karibu, chama cha wasioona cha mkoa au kaunti yake, haki zake za likizo, na onyo la kutoacha kazi kabla ya kupata mafunzo na ushauri. Ofisa ustawi wa jamii aifuatilie rufaa hiyo. Mwajiri akae na mfanyakazi wake, waandike pamoja orodha ya shughuli zake za kila siku, na kuuliza kuhusu kila moja inawezaje kufanyika sasa. Wanaonunua mifumo ya kompyuta wawape wasioona waijaribu kabla ya kuinunua.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri ugunduzi mpya wa tiba. Sheria zipo, programu ya bure ipo, vyuo vipo ingawa havitoshi, na watu walioipita njia hii wapo tayari kuwaongoza wengine. Daktari anaposema hakuna tiba tena, sentensi yake inayofuata iwe jina la mahali pa kwenda kesho.